Jani Lililozimika Polepole

Juzi usiku nilipozima taa ya chumba chao, yule mdogo aliniuliza gizani: "Mama, rangi zimeenda wapi?"

Nikamwambia zipo, alale. Dada yake alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Mimi nilibaki mlangoni, kidole bado kiko kwenye swichi, na harufu ya spiriti ikanijia kana kwamba kuna mtu amefungua chupa karibu yangu. Nyumba nzima haikuwa na spiriti hata tone. Ile ilikuwa harufu ya maabara ya kidato cha tatu, ya wiki ile ya majani.

Mwalimu wa kemia aliingia na rundo la majani mabichi, akatugawia vinu vya kauri na mchanga kidogo wa kusaidia kusaga. Tukaponda mpaka viganja vikauma. Akamimina spiriti, akachuja, na kwenye neli ya kioo kikabaki kimiminika cha kijani, safi, kinachopenyeka kwa macho. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa karatasi nyeusi, tukaacha tundu moja la ukubwa wa sarafu, na mwali wa jua ukapita hapo ukiwa umenyooka kama fimbo.

Kwenye njia ya mwali aliweka chupa ya mviringo. Ndani yake mlikuwa na salfeti ya shaba, na alipoanza kutia amonia maji yakachafuka, yakawa kama maziwa ya samawati. Akaendelea kutia. Uchafu ule ukayeyuka wote, ikabaki bluu nzito ambayo sijawahi kuichoka tangu siku hiyo. "Kumbukeni," alisema, "nyekundu haipiti hapa. Bluu tu ndiyo inayopita." Kisha akaisogeza neli ya kijani mbele ya mwali.

Ilipogusana na bluu, kijani kikawaka chekundu. Chekundu kama kaa la moto.

Darasa zima lilipiga kelele. Alituacha tupige, halafu akaeleza. Molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inapomeza fotoni ya bluu, yaani punje moja ya mwanga, elektroni yake, chembe ndogo iliyomo ndani yake, inaruka ngazi za juu za nishati. Haikai huko. Inaporomoka haraka mno hadi ngazi ya chini yake, na nishati ya mporomoko huo inageuka joto. Kutoka ngazi hiyo ndipo inapotoa mwanga, na mwanga wa ngazi hiyo ni mwekundu. Ipe molekuli bluu yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 430 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) au nyekundu ya karibu 660, itakachokurudishia ni chekundu tu. David Brewster wa Uskoti aliuona mwanga huo kwenye kimiminika cha majani mwaka 1834, na ilipofika 1852 mwanafizikia George Stokes akaonyesha kwamba mwanga unaotoka kwa namna hii huwa na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ule ulioingia.

Nikanyosha mkono. Sikuwa mnyoshaji wa mkono, wanaonifahamu wanajua. Nikauliza: "Mwalimu, kama klorofili inawaka hivi, mbona jani lenyewe juani haliwaki jekundu?"

Alishika chaki bila kuandika. Akaiangalia neli, akaangalia majani yaliyobaki mezani. "Sijui," akasema. "Nipe hadi Alhamisi."

Sasa nafundisha mwenyewe, na ninajua uzito wa kusema neno hilo mbele ya watoto arobaini.

Alhamisi alikuja na boksi dogo la karatasi ngumu. Ndani yake mlikuwa na jani moja pana, kikonyo chake kimezungushiwa pamba iliyolowa, na alisema limekaa gizani tangu kipindi cha kwanza. Chupa ya bluu ikarudishwa mahali pake, na tundu akaliziba kwa kitabu. Safari hii alimpa kila mmoja wetu kipande cha nailoni nyekundu, tukiweke mbele ya macho. "Hii inazuia bluu," alisema. "Chupa inazuia nyekundu. Kwa hiyo mkiona chochote, chochote kile, kimezaliwa ndani ya jani."

Tulikaa gizani muda mrefu ili macho yazoee. Nakumbuka pumzi za wenzangu, na kiti kimoja kilichokuwa kinalia kila mwenyewe akihema. Nakumbuka nailoni ilivyonata kwenye pua yangu kwa jasho. Mwalimu alilitoa jani kwenye boksi kwa kupapasa, akalibana kwenye stendi.

"Tayari?"

Akaondoa kitabu.

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu, kabla sijapepesa, jani likawapo. Jekundu lililokolea, likiwa limeelea peke yake katika giza, bila stendi, bila meza, bila mkono wa Mwalimu. Niliona ukingo wake wote, hata pale palipoliwa na mdudu. Mishipa yake ilikuwa mistari myeusi iliyotawanyika ndani ya ule wekundu kama mito inayoonekana kutoka juu sana. Likazidi kung'aa kwa muda wa kama sekunde moja, na nikadhani litaendelea kuzidi.

Likaanza kufifia.

Mwalimu akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Kufikia kumi nilijua kwamba kweli linafifia na si macho yangu. Kufikia thelathini rangi ilikuwa ya tofali bichi. Mishipa ikapotea kwanza, ikamezwa na giza la pembeni yake, halafu ukingo, halafu ile sehemu iliyoliwa. Alipofika mia nilikuwa nakodoa macho mpaka yananiuma, na sikuweza kuapa kama bado naliona au nakumbuka tu mahali lilipokuwa. Jua halikuwa limepungua. Mwali wa bluu ulikuwa palepale. Msichana aliyekuwa kushoto kwangu alinong'ona, "Limekufa."

"Linaamka, mwanangu," Mwalimu akasema.

Akaeleza humohumo gizani, sisi tukiwa bado na nailoni usoni. Jani lililokaa gizani limesimamisha mitambo yake ya kutengeneza sukari. Mwanga ukilivamia ghafla, klorofili inaupokea lakini wa kukabidhiwa hayuko tayari, na nishati inatoka nje ikiwa nyekundu. Mitambo ikishaanza kuzunguka, mwanga unapokelewa na kutumika, na wekundu unapungua. Aliweka ile neli ya kijani pembeni ya jani. Ikawaka, na haikufifia. "Hii tumeivunja kwa mchi. Ina klorofili, haina mitambo." Kisha akasema sentensi niliyoibeba mpaka leo: "Nuru isiyo na kazi hurudi."

Akaziba tundu, tukangoja kama dakika kumi, akafungua tena. Jani likawaka upya, likafifia upya. Kengele ililia na hakuna aliyesimama.

Baadaye sana nilijifunza kwamba mkemia Hans Kautsky na mwenzake Hirsch waliandika habari hii huko Ujerumani mwaka 1931, nao waliiona kwa macho yao tu, kama sisi. Mwalimu aliipata wapi kati ya Jumatatu na Alhamisi, sikuwahi kumuuliza.

Kisha yakafuata mengine. Chuo, halafu miaka ya chumba kisicho na dirisha, leza, na mipigo ya mwanga inayodumu femtosekunde chache, yaani vipande vya sekunde moja iliyogawanywa mara milioni ya bilioni. Ni mlango ambao Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, aliufungulia kemia, akapewa Nobel mwaka 1999. Huko ndiko nilikoona kwa grafu zangu mwenyewe kwamba sentensi ya Mwalimu ina pengo. Katika spiriti, hata pasipo na mitambo yoyote, ni kama theluthi moja tu ya molekuli zilizomeza mwanga zinazourudisha ukiwa mwekundu. Nyingine hupita njia nyingine, na nishati yake huishia kuwa joto. Nuru isiyo na kazi, mara nyingi zaidi, hairudi.

Na jani nalo. Sehemu ya kule kufifia ni kazi, ndiyo. Lakini chini ya mwanga mkali, sehemu nyingine ni jani kujikinga: linaitupa nishati iliyozidi kwa makusudi, kama joto, lisiungue. Tulichokiona Alhamisi ile kilikuwa mambo mawili yakitokea pamoja, kuamka na kujikinga, na gizani pale yalionekana jambo moja.

Kila mwaka nikifika kwenye somo hili nasimama na chaki kama alivyosimama yeye. Kuna miaka nimewapa wanafunzi sentensi yake jinsi ilivyo na nikaona nyuso zikifunguka. Kuna miaka nimewapa theluthi na joto na njia nyingine, yote sahihi, na nikaona kalamu zikiandika bila macho kuinuka. Mwaka mmoja niliwapa sentensi na nikaivunja kabla ya kengele. Mvulana mmoja akaniuliza kwa nini niliisema basi. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Najua tu kwamba bila sentensi ile nisingeingia kwenye chumba kile cha leza kugundua ina pengo.

Natamani ningemuuliza Mwalimu kama alilijua pengo lile na akaamua kulinyamazia. Hayupo tena.

Leo mchana nimechuma jani moja, nikalowesha pamba, nikaliweka kwenye droo ya chini na kuifunga. Nailoni nyekundu ninayo. Chupa ya bluu nimeitengeneza kazini na kuifunga kizibo vizuri. Yule mdogo atarudi saa kumi, jua likiwa bado kali dirishani, na nimeshatoboa tundu kwenye karatasi nyeusi. Nitakachomwambia baada ya kuhesabu mpaka mia, sijakiamua.