Siku Moja Maishani Mwangu: Pikipiki Nane Kutoka Arusha Hadi Ziwa Natron

Saa kumi na moja alfajiri taa ya karakana ilikuwa imekwisha kuwaka, na mezani nilikuwa nimepanga intakomu nane, yaani vifaa vya kuzungumzia vya kufunga kwenye helmeti, kila moja ikiwa imebandikwa karatasi yenye namba. Kazi yangu ni kuongoza misafara ya pikipiki kaskazini mwa Tanzania. Siku hiyo ya mwezi Juni tulikuwa tunakwenda Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, tukiwa watu wanane: mimi mbele, wageni sita kutoka Dar es Salaam na Mombasa katikati, na mwenzangu wa miaka mingi nyuma kabisa, kwa kazi tunayoiita kufunga msafara. Katika mawasiliano hatutumii majina. Mimi ni Namba Moja, yeye ni Namba Nane, na kila mgeni hubaki na namba yake hadi jioni, kwa sababu jina humezwa na upepo au hufanana na la mwingine, ilhali namba humwambia kila mtu papo hapo nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma yake.

Saa kumi na mbili wageni walifika, na tatizo la siku likafika nao. Namba Saba, mzee wa makamo aliyeendesha pikipiki tangu ujana wake, alikuja na intakomu yake mwenyewe, ya kampuni nyingine, ikiwa imekwisha kufungwa vizuri ndani ya helmeti yake pamoja na spika na maikrofoni. Zetu hutumia mfumo wa meshi, yaani kila kifaa hupokea sauti na kuipitisha kwa kingine, hivyo wa mbele husikika na wa nyuma hata kama vifaa vyao viwili havifikiani, na mmoja akitoka katikati sauti hutafuta njia nyingine. Katika intakomu za zamani watu waliungwa kwa Bluetooth kama mnyororo, na pete moja ikikatika nusu ya msafara hubaki bubu. Ila meshi ya kampuni moja kwa kawaida haisemezani na ya kampuni nyingine, kwa hiyo njia pekee iliyobaki bila kumvua helmeti yake ilikuwa kumuunga mzee kwa Bluetooth na kifaa cha Namba Sita, aingie katika mazungumzo kupitia kwake.

“Dada,” nilimwambia Namba Sita, “wewe ndiye daraja la mzee. Ukimwacha mbali, yeye hatusikii na sisi hatumsikii.”

“Usijali, mwanangu,” mzee akajibu kabla yake, “nitamfuata kama kivuli.”

Nusu saa iliyofuata ilikwenda kwenye ramani, na hapa huwa sikubali kuharakishwa. Wageni wengi huomba niwape pointi za kuanzia na kumalizia ili vifaa vyao vya ramani viwatafutie njia, na mimi hukataa, kwa sababu kila kifaa hukokotoa njia kwa mipangilio yake: kimoja hupenda lami, kingine hukwepa barabara za vumbi, kingine huchagua mkato ambao pikipiki iliyobeba mizigo haiwezi kuupita. Ninachowapa ni mstari uliorekodiwa, yaani nyayo za safari yangu ya awali zilizohifadhiwa pointi kwa pointi, ambazo kifaa huzionyesha tu bila kuzibadilisha. Mmoja aliniuliza kama simu yake ingefanya kazi mahali pasipo na mtandao. Itafanya, mradi ramani imepakuliwa mapema, kwa kuwa GPS haitegemei minara ya simu. Simu hupokea ishara kutoka kwa setilaiti zilizo takribani kilomita 20,200 juu ya ardhi. Nilimshauri tu aitoe kwenye usukani na kuiweka mfukoni, kwa maana mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zao.

Maagizo yangu ya mwisho yalikuwa mawili. La kwanza, maneno yawe machache: shimo, ng'ombe, gari linakuja, nasimama. La pili, atakayejikuta nje ya mstari kwenye skrini yake asijaribu kurudi kwa kukisia. Asimame, azime injini, aache taa ziwake, asubiri.

Tuliondoka saa moja na robo. Kwenye lami ya Kisongo na Meserani kazi ni kuchunga mwendo tu, kwa sababu vibao vya 50 ni vingi na askari wenye tochi za kupima mwendo hawako mbali navyo; nilipouona mwanga wa kibao nilisema “hamsini”, na pikipiki nane zikapunguza kwa pamoja. Tulipinda kulia Makuyuni, na saa tatu na nusu tulikuwa Mto wa Mbu, ambako tulijaza matangi mpaka shingoni, kwani ndicho kituo cha mwisho cha mafuta ninachokiamini kabla ya Natron.

Lami ilipokwisha tulielekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na vumbi likachukua nafasi yake. Ni vumbi laini kama unga, linaloelea hewani muda mrefu baada ya pikipiki kupita, na asiye na subira humfuata mwenzake akiwa kipofu. Dawa yake ni kuachiana nafasi, mita 300 hata zaidi pasipo na upepo. Sijawahi kuongoza njia hii bila kuwaza jinsi tulivyofanya kazi zamani, tukisimama kila baada ya dakika kumi kuhesabu vichwa. Sasa nilikuwa nikisema “mchanga mzito, kaa kushoto”, na Namba Tano, ambaye sikuweza kumwona kabisa, alijibu “nimepata” kana kwamba amekaa nyuma yangu kwenye kiti.

Tulikula kijijini Engaruka saa sita, kwa haraka, chini ya mti. Saa saba na dakika chache mstari kwenye skrini yangu ulivuka korongo bila wasiwasi wowote, lakini korongo lenyewe lilikuwa limebadilika: mvua za masika zilikuwa zimekata ukingo, na pale nilipovuka mwaka uliopita palikuwa na ukuta wa udongo mrefu kuliko mimi. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi alinisogelea, tukaamkiana “Sopa” na “Ipa”, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mlimani. Mita 400 juu, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufungua kivuko. Niliweka pointi mpya hapo hapo na kuwaeleza wenzangu kwa intakomu wauache mstari kwa muda, wafuate matairi yangu.

Zaidi ya korongo hilo barabara si moja tena. Magari yamekwepa mashimo kwa miaka mingi hadi uwanda mzima umechorwa njia kumi zinazoachana na kukutana. Saa nane kasoro sauti ya mwenzangu ilikuja, tulivu kama kawaida yake: “Namba Moja, kaka, nimemfikia Namba Sita. Namba Saba simwoni.”

Nilisimamisha msafara mzima. Namba Sita alikuwa akilia kwa hofu. Alikuwa amemsikia mzee akikohoa, kisha kimya, na akadhani amezima kifaa. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, nami nalisema hivyo hadi leo. Bluetooth kati ya vifaa vya kampuni mbili haifiki mbali kama meshi, na vumbi lile liliwalazimisha waachane kupita uwezo wake. Nilipaswa kumwomba mzee atumie helmeti yetu ya akiba yenye intakomu yetu, nisione haya kwa sababu ya umri wake.

Namba Nane aligeuza, akirudi polepole na kutazama matairi. Dakika ishirini na mbili baadaye alisema, “Ninaona taa.” Mzee alikuwa amekaa chini ya mgunga, pikipiki imezimwa, taa zinawaka. Skrini yake ilimwonyesha kwamba yuko mita 350 nje ya mstari, akasimama kama alivyoagizwa. Tayari nilikuwa nimeandika ujumbe kwenye kifaa chetu cha setilaiti, ambacho hutuma kupitia mtandao wa Iridium pasipo na simu, nikaufuta bila kuutuma.

Kuanzia hapo mzee alivaa helmeti ya akiba, na tulifika Ngare Sero saa kumi na nusu, mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa umesimama kusini mwetu. Saa mbili usiku, wageni walipokwisha kulala, nilichaji intakomu nane, nikaufungua mstari wa zamani, nikaikata sehemu ya korongo na kuunga kivuko kipya. Faili niliipa tarehe ya siku hiyo, nikamwachia mwenzangu nakala, kwa kuwa Jumamosi ndiye angeongoza msafara mwingine njia hiyo hiyo.