Banda la gari la Baba

Betri ya bajaji ya mdogo wangu iliibwa usiku wa kuamkia Jumamosi, na asubuhi hiyohiyo Baba akakubali jambo ambalo Mama alikuwa akimwomba miaka nenda rudi: banda la gari lifunguliwe, lipangwe.

Pale kwetu Kihonda, Morogoro, hilo banda la gari lilikuwa jina tu. Gari lenyewe liliuzwa zamani. Ndani kulikuwa na madumu, tairi, mabati yaliyobaki tulipoezeka nyumba, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, ndoo za rangi iliyokauka, na vyuma vya Land Rover. Vyuma vingi mno. Baba alitengeneza magari hayo kwa miaka mingi kwenye karakana yake, na alipostaafu alihamia nyumbani na kila kitu.

Mdogo wangu alitaka kuwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwona Baba uso ukimbadilika alipotajiwa bei ya kilo, nikakataa palepale. Bajaji inahitaji sakafu ya kulala usiku, Baba anahitaji vyuma vyake. Basi vyuma vipandishwe ukutani. Hilo ndilo tulilokubaliana, na nilisimama nalo hadi mwisho hata mdogo wangu aliponuna.

Tulitoa kila kitu uani. Chini ya mabati kulikuwa na ng'e, na meza ya zamani mchwa walikuwa wameshaimaliza miguu. Kwa hiyo mbao mpya, za paini kutoka Mafinga, 2 kwa 4, tulizipaka dawa kwanza, na kila mguu wa rafu tukausimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu. Mchwa hawavuki oili, mradi ukumbuke kuiongeza. Rafu ya chini niliiachia sentimita 45 juu yake, ili ndoo ya lita 20 iingie na kutoka bila kugonga. Bomba la maji taka la inchi 4 tulilikata vipande, tukavifunga ukutani vikiwa vimesimama, majembe na reki vikapata pa kuchomeka mipini. Ilikuwa kazi rahisi. Petroli na mafuta ya taa Mama aliyahamishia kwenye kibanda cha nje, na hakuna aliyembishia.

Kazi ngumu ilikuwa nati na bolti. Zilikuwa zimechanganyika kwenye karai, na mimi ningezigawa kwa ukubwa wa macho tu. Baba akavuta kigoda, akaniambia, "Mama, hapana. Hizi ni koo mbili."

Akaniwekea bolti mbili kiganjani. Kwa macho yangu zilikuwa sawasawa. Akanipa nati moja, niifunge kwenye zote mbili. Ya kwanza ikateleza hadi mwisho. Ya pili ikazunguka kidogo, ikakwama. "Usiilazimishe, utaua uzi," akasema, yaani ile mistari inayoizunguka bolti. Moja ilikuwa ya milimita 8, ya Toyota. Nyingine ya inchi 5/16, ya Land Rover 109. Unene wao karibu ni ule ule, ila nyuzi zao hazifanani. Na spana ni vilevile: namba 13, yaani ya milimita 13, inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7, halafu ukikaza inateleza na kuvila vile vipembe. Kijana akishafanya hivyo, alisema, bolti hiyo inatoka kwa tindo.

Basi tulikaa pale uani tukizitenganisha. Yeye hakuwa akiangalia hata, alikuwa akipitisha ukucha kwenye uzi na kutaja, "Inchi. Inchi. Mili." Nilikuwa nimekusanya makopo ya plastiki ya siagi ya karanga, nikapigilia vifuniko vyake chini ya rafu, kila kimoja kwa skrubu mbili, maana skrubu moja ikiwa peke yake kifuniko kinazunguka na kopo. Kopo unalifungua kwa kulizungusha tu, na lililomo ndani unaliona kabla hujaligusa. Za inchi kushoto, za mili kulia. Baba ndiye aliyeandika lebo, kwa mwandiko wake wa kulala.

Jumapili jioni bajaji iliingia kinyumenyume, na bado mtu aliweza kupita ubavuni. Ubao wa spana niliuweka juu, usawa wa macho yangu, kila spana imechorewa umbo lake kwa kalamu ya wino mzito. Baba aliutazama, akausifu, kisha akainua mkono wa kulia, ukaishia kifuani.

"Bega halipandi siku hizi," akasema.

Hatukuwa tumejua. Hata Mama. Mdogo wangu akachukua bisibisi bila kuambiwa, tukaufungua ubao na kuushusha mpaka pale mkono wake ulipofika, naye akaanza kutundika spana mwenyewe.