Nilivyosuka nywele ndefu za udongo

Udongo haupendi kuning'inia. Ukifinyanga msuko mwembamba ukauacha hewani, utakatika ukikauka, na ukinusurika hapo utakatika siku ya kupakia tanuri. Hilo ndilo lililonisumbua nilipoamua kufinyanga wanawake wenye nywele za kuburuza chini.

Kama wasichana wengi wa shule za serikali, nilinyoa mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nikatoka hapo moja kwa moja kwenye rasta za kiunoni, za kununua dukani, na mtaani wakaacha kuniita "dogo", nikawa "dada". Mimi ni yuleyule. Kilichoongezeka ni nyuzi za plastiki. Nikataka kulifinyanga jambo hilo.

Njia niliipata kwa Wazaramo, wenyeji wa pwani yetu hii. Mwana hiti, ile sanamu ndogo ya mti au kibuyu aliyopewa mwali akiwa ndani, haina mikono wala miguu. Mwali aliiogesha na kuipaka mafuta kama mtoto wake. Fundi ameacha mikono lakini nywele hakuziacha, tena kazichonga kwa uangalifu kuliko uso. Nywele zimebeba mtu mzima.

Basi nikaacha kubandika nywele kichwani. Wafinyanzi wetu huviringisha udongo kamba kamba, wakazipanga duara hadi chungu kisimame, bila gurudumu. Mimi kamba zangu nilizisuka kwanza, tatu tatu, ndipo nikazizungusha kuanzia chini mpaka shingoni. Mwili wote ukawa nywele. Ndani nilizisugua kwa kidole zishikane. Nje nikaacha msuko uonekane. Kila kiungo nilikichanja kwa uma na kukipaka uji wa udongo kabla ya kukibana.

Udongo wenyewe niliuchanganya na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, ili usisinyae sana. Kazi ngumu Dar ni kukausha. Hewa yetu ina unyevu, na wakati wa masika kitu huonekana kikavu ilhali katikati ya msuko bado kibichi. Kikiingia tanurini hivyo, maji yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100, kinapasuka na kuvunja na jirani zake. Kipimo changu ni shavu: nikikiegemeza nikasikia ubaridi, kinarudi chini ya gunia. Hata kikikauka, moto naupandisha polepole, hasa kukaribia nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika umbo na kuleta nyufa.

Mkaguzi wangu alikuwa kijana wa Kimasai anayenisuka. (Wageni hushangaa kuona wanaume wa Kimasai wakisuka wanawake mjini hapa, sisi tumezoea.) Alipitisha kidole kwenye mistari ya kichwa kimoja. "Dada, huyu umemkaza mno. Leo halali." Nikamwambia ndivyo ninavyotaka, ndiyo maana nyusi zake zimevutwa juu.

Mwishoni mwa rafu kulikuwa na kichwa nilichokiacha kipara, na kila anayepita huuliza kama ni mwanaume. Yeye hakuuliza. Kwao wanawake ndio wanaonyoa, morani ndio wanaofuga nywele ndefu.

"Huyu ni mama," akasema. "Mbona masikio hujamtoboa?"

Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikampa kijiti, akanionyesha tundu linakaa wapi.