Kiingereza cha kustahimili, jioni hapa Lamu

Upepo wa kusi umeshika, wageni wamepungua, na vijana wa mashua wanaokuja kusoma kwangu wameongezeka. Leo tumeshika vitenzi vya kustahimili. “Persevere”, yaani kustahimili, walilielewa upesi, lakini hilo ni la vitabuni zaidi. Mgeni mashuani atasema “keep going” (endelea tu) au “hang in there” (jikaze, usikate tamaa). Uzito uko kwenye lile neno dogo linalofuata kitenzi. “Pull” ni kuvuta, ila “pull through” ni kunusurika, kama mgonjwa mahututi aliyepona. “Stick it out” ni kuvumilia mpaka mwisho hata kama hupendi. Kijana mmoja kauliza: mbona “give up” ni kukata tamaa, na “up” ni juu? Swali zuri mno! Nawapenda wanaouliza hivi. Kesho tunatunga sentensi za baharini.