Nilivyofuatilia historia ya mchoro wa ghala la shambani

Ni mchoro wa ghala kuukuu la mbao, limeinama kidogo, na njia ya matope mbele yake. Niliurithi kwa shangazi. Haukuwa na sahihi wala karatasi yoyote, ila kauli ya ukoo tu kwamba ni wa karne ya 19.

Nikaugeuza. Mgongoni ndiko kwenye habari, kwa sababu huko hakuna aliyejisumbua kupapamba. Turubai imepigiliwa misumari midogo, si pini za stepla ambazo zilienea katikati ya karne ya 20. Dalili nzuri, lakini haitoshi, kwani wapo wachoraji wanaopigilia misumari hadi leo.

Jibu lilitoka kwenye rangi. Mhifadhi wa michoro aliipima nyeupe ya mawinguni akakuta titani, na nyeupe ya titani iliwafikia wachoraji miaka ya 1920 hivi. Je, kama ni kiraka cha baadaye? Tuliuangaza kwa taa ya urujuanimno (UV), ambayo huifanya vanishi ya zamani ing'ae kijani na marekebisho mapya yaonekane kama madoa meusi. Mawinguni hapakuwa na doa. Basi karne ya 19 ikafutika, na mimi nilifurahi: ukweli mdogo wenye ushahidi naupenda kuliko sifa kubwa isiyo na mashiko.

Upande wa umiliki nilianza na mimi mwenyewe nikarudi nyuma. Barua za shangazi zilitaja mnada wa miaka ya 1950, na namba ya chaki mgongoni ikalingana na katalogi ya mnada huo. Jina la mchoro halikunisaidia, maana michoro iitwayo “Ghala” ni mingi mno. Kilichouthibitisha ni vipimo, urefu na upana. Muuzaji hakutajwa, kwa hiyo wamiliki wa kabla ya mnada hawajulikani.

Pengo hilo linagusa miaka ya 1933 hadi 1945, wakati Wanazi walipopora mali za Wayahudi, kwa hiyo sikulipita kimyakimya. Niliomba utafutaji kwenye Art Loss Register ya London, orodha ya kazi za sanaa zilizoibwa au kupotea, kisha nikapekua Lost Art, hifadhidata ya Ujerumani ya kazi zilizoporwa na Wanazi. Haumo. Hilo halimaanishi kwamba ni safi. Linamaanisha hakuna aliyeuripoti humo.

Nimeandika mlolongo wote wa wamiliki, na mahali pa pengo nimeandika “haijulikani”. Karatasi hiyo naitunza kwenye bahasha kando ya mchoro, sikuibandika mgongoni, kwa sababu gundi huharibu turubai.