HbA1c inapokataa kupatana na glukometa

Tuchukue mgonjwa mwanaume wa miaka 54, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa. Nyayo zinawaka moto usiku na anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Sukari kabla ya kula ni 9.8 mmol/L, na wiki inayofuata ni 10.4. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, inarudi 5.6%. Anayesoma majibu anaandika kwenye faili: hana kisukari, apewe vitamini B za neva, arudi baada ya miezi sita.

Hapo hakuna uzembe. Mwongozo wa kutambua kisukari unasema mpaka wa HbA1c ni 6.5%, na namba ipo chini ya mpaka. Kilichosahaulika ni kwamba mwongozo huohuo unatambua pia sukari ya kabla ya kula ya 7.0 au zaidi ikirudiwa siku mbili tofauti, na huyu tayari anayo mara mbili. Vipimo viwili vikigongana, usichague kile chenye bei kubwa zaidi. Tafuta kwanza kwa nini vimegongana.

Kuna hesabu ya nusu dakika inayosaidia. Zidisha HbA1c kwa 1.59, kisha toa 2.59, utapata wastani wa sukari kwa mmol/L. HbA1c ya 7% ni sawa na wastani wa 8.5, ya 8% ni kama 10.1. Ya mgonjwa wetu, 5.6%, inatoa 6.3. Sasa mtu ambaye asubuhi bila kula ana 10 atakuwaje na wastani wa 6.3 kwa siku nzima, chai na ugali vikiwemo? Haiwezekani. Kipimo kimoja kati ya hivyo viwili hakisemi kweli, na kwa kuwa sukari imerudiwa, wa kuhojiwa kwanza ni HbA1c.

HbA1c hupima ni sehemu gani ya hemoglobini A, ile ya kawaida kwa mtu mzima, iliyoshikwa na glukosi, kwenye valini (asidi amino) iliyo mwanzoni mwa mnyororo wa beta wa hemoglobini hiyo. Kushikana huko ni kwa polepole na kunaongezeka kadiri chembe nyekundu inavyokaa kwenye damu, kawaida siku 120 hivi. Kwa hiyo namba inayorudi inabeba mambo mawili kwa pamoja: sukari ilikuwa juu kiasi gani, na chembe zimeishi muda gani. Chembe zikifa mapema, namba inashuka hata kama sukari iko juu. Zikicheleweshwa kuondoka, namba inapanda hata kama sukari ni nzuri. Na kama hemoglobini yenyewe si A, basi kipimo kinatafuta kitu ambacho hakipo.

Tuanze na hilo la mwisho, maana kwetu si jambo la nadra. Utafiti wa watoto wachanga kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa 2018 ulikuta mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, yaani AS. Mwenye SS, yaani vinasaba viwili vya selimundu, hana hemoglobini A kabisa, na chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu. HbA1c kwake haina maana yoyote, hata kama mashine imetoa namba nzuri yenye nukta ya desimali. Baadhi ya mashine, hasa zinazotumia kingamwili au boroneti (kemikali inayonasa sukari), hutoa namba hiyo bila onyo lolote. Mwenye SC, yaani kinasaba kimoja cha S na kimoja cha hemoglobini C, naye ni vivyo hivyo.

Kwa mwenye AS mambo ni tofauti kidogo. Chembe zake huishi muda wa kawaida, kwa hiyo swali kubwa ni mashine. Uchambuzi wa Wamarekani weusi uliotoka 2017 ulikuta kwamba, kwa kiwango kilekile cha sukari, wenye AS walikuwa na HbA1c ya chini kwa kama pointi 0.3. Ni tofauti ndogo kwa mwenye 9%, lakini kwa aliye 6.3% ndiyo inayoamua ataondoka kliniki na dawa au bila dawa. Maabara yenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha aina za hemoglobini, ina faida moja ambayo wengi hatuitumii: grafu. Kwenye grafu ya AS utaona kilele cha pili cha hemoglobini S, mara nyingi asilimia 35 hadi 40 ya yote. Mtaalamu wa maabara anakiona, ila fomu ya majibu ina kisanduku kimoja tu cha HbA1c, basi anajaza kisanduku hicho. Mpigie simu umuulize: je, kuna kilele kingine? Ni simu ya dakika moja na haina gharama. Kwa anayetumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, uliza pia hemoglobini F, ile ya mtoto wa tumboni, kwa sababu ikizidi asilimia 10 hadi 15 njia nyingi huyumba, boroneti ikiwemo.

Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike, ndio mtego mbaya zaidi, kwa kuwa hauonekani. Mwenye upungufu wa kimeng'enya hiki wa aina ya A- iliyozoeleka Afrika huwa na hemoglobini ya kawaida, hana manjano, wengu wake haujavimba, na hajawahi kuongezewa damu. Chembe zake zinaisha mapema kidogo tu. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa 2017 ulionyesha kwamba wanaume weusi wenye badiliko hilo walikuwa na HbA1c ya chini kwa kama pointi 0.8, na ulikadiria kuwa asilimia 2 hivi ya Wamarekani weusi wenye kisukari wasingegunduliwa kama HbA1c ingetumika peke yake. Kisha 2024 uchambuzi wa maveterani wa Marekani ukaonyesha kwamba wanaume wenye badiliko hilohilo walipata zaidi madhara ya kisukari kwenye retina. Ndivyo inavyotarajiwa: daktari anaona 6.9% anaridhika, kumbe ukweli unakaribia 7.7%, na miaka inapita bila dozi kuongezwa.

Kinasaba hicho kiko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mwathirika mkuu ni mwanaume. Ukiamua kupima G6PD, usipime wakati chembe zinavunjika au mara tu baada yake. Retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, zina kimeng'enya kingi, na zikijaa kwenye damu majibu yatasomeka kawaida. Subiri miezi mitatu.

Sababu nyingine za kushusha namba ni rahisi kuzikumbuka ukishajua njia yake. Malaria kali. Artesunate ya sindano, dawa ya malaria hiyo, ambayo inaweza kuvunja chembe wiki moja hadi nne baada ya mgonjwa kupona. Dapsoni, dawa ya ukoma. Damu aliyoongezewa, maana sasa unapima sukari ya mchangiaji. Kutoka damu nyingi hivi karibuni, kwa kuwa chembe mpya zinachukua nafasi. Ujauzito. Figo sugu kwa anayesafishwa damu na kupigwa sindano za erithropoietini, homoni inayoongeza chembe nyekundu. Watu wanaoishi na VVU pia huwa na HbA1c iliyo chini ya ukweli, hasa wanaotumia dawa ya VVU iitwayo abacavir, ndiyo maana mwongozo wa chama cha kisukari cha Marekani unasema utambuzi kwao ufanywe kwa sukari yenyewe.

Upande wa pili ni namba inayopanda bure. Mama wa miaka 38, hedhi nzito, hemoglobini 8.2, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 66, HbA1c 6.6%, sukari kabla ya kula 5.3. Upungufu wa madini ya chuma hupandisha HbA1c, kwa kuwa utengenezaji wa chembe mpya umepungua na zilizopo zimezeeka. Huyu asiandikiwe metformini, dawa ya kisukari. Apimwe feritini, yaani akiba ya chuma; chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi inatosha kuthibitisha upungufu, na mwenye maambukizi au uvimbe mwilini mpaka unapanda hadi 70. Atibiwe chuma na hiyo hedhi ichunguzwe. Angalizo: ukishaanza vidonge vya chuma, chembe changa zitamiminika na HbA1c itashuka ghafla, pengine chini ya ukweli. Usimpongeze kwa lishe. Rudia baada ya hemoglobini kutulia kwa miezi mitatu, na katikati tumia sukari.

Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyohivyo, na aliyemeza metformini kwa miaka mingi ni mhanga wa kawaida. Miguu inayowaka moto, MCV inayopanda, HbA1c inayopanda: kabla ya kuongeza insulini, pima B12. Aliyetolewa wengu naye chembe zake hukawia kuondoka.

Basi turudi kwenye sukari? Ndiyo, ila nayo ina ujanja wake, na hapa ndipo hospitali nyingi zinaharibu kazi bila kujua. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kula glukosi, asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la chumba. Asubuhi ya kliniki, damu inatolewa saa mbili, trei inasubiri ijae, mhudumu anaipeleka maabara saa nne. Sukari iliyokuwa 7.4 sasa ni 6.5. Kisukari kimepotea kwenye trei.

Chupa ya kifuniko cha kijivu haikulindi kama inavyodhaniwa. Floraidi iliyo ndani yake huzuia kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa njia ya kuvunja glukosi, kwa hiyo vimeng'enya vya mwanzo vinaendelea kufanya kazi, na katika saa ya kwanza hasara ni karibu ileile ya chupa ya kawaida. Kinachosaidia ni plazima, yaani maji ya damu, kutenganishwa na chembe ndani ya dakika 30, au chupa kuzamishwa mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji, au chupa yenye sitrati, ambayo husimamisha njia hiyo tangu mwanzo. Kama hakuna hata kimoja, mpeleke mgonjwa maabara kwa miguu yake akatolewe damu hukohuko.

Glukometa, mashine ndogo inayopima sukari kwa tone la damu ya kidole, ni chombo cha ufuatiliaji. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu ikosee kwa asilimia 15 kuanzia 5.6 kwenda juu, maana yake 7.0 ya kweli inaweza kusomeka 6.0 au 8.0 na mashine ikawa nzima kabisa. Mwenye upungufu wa damu, mashine nyingi humsomea sukari ya juu kuliko ilivyo. Aliyetoka kumenya embe, kidole kina sukari ya embe, na pamba ya spiriti haiiondoi vizuri. Anawe kwa sabuni na maji, akauke, ndipo umchome. Kopo la stripu lililoachwa wazi kwenye unyevunyevu wa pwani nalo litupwe.

Shaka ikibaki, rudi kwenye kipimo cha kunywa glukosi. Kinachosha lakini hakitegemei umri wa chembe. Mgonjwa ale kama kawaida yake siku tatu kabla, wanga usipungue gramu 150 kwa siku. Akae bila kula kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji ruksa. Toa damu ya kwanza, kisha anywe gramu 75 za glukosi kavu kwenye mililita 250 hadi 300 za maji, amalize ndani ya dakika 5. Soma lebo ya kopo: kama ni glukosi yenye maji ndani ya fuwele zake, pima gramu 82.5. Akae kitini, asivute sigara, asizunguke sokoni. Damu ya saa mbili baada ya kunywa ikiwa 11.1 au zaidi ni kisukari.

Jambo jipya hapa ni saa ya kwanza. Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, lilipendekeza damu ya dakika 60: 11.6 au zaidi ni kisukari, kinachohitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, na 8.6 au zaidi ni sukari iliyoanza kuharibika. Naiona ina faida kwetu kwa sababu moja ya kawaida sana: wagonjwa wengi huondoka kabla ya saa mbili kufika.

Kuna hali ambayo hupaswi kusubiri HbA1c kabisa. Kijana mwembamba, wiki tatu za kiu na kukojoa, kilo zimekatika, ketoni (mabaki ya mafuta yanayochomwa mwili ukikosa insulini) kwenye mkojo. HbA1c hubadilika polepole na inaweza kuwa bado haijapanda vya kutosha. Kinachohitajika ni sukari na ketoni leo, na insulini leo. Vilevile aliyebadilishiwa dawa za VVU kwenda DTG (dolutegravir): Kampala iliripoti 2020 wagonjwa waliopanda sukari kwa kasi miezi michache baada ya kubadilishiwa, wengine hadi ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi ya ketoni. Na kijana huyo mwembamba usimbandike jina la aina ya kwanza haraka. Utafiti wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliotoka 2025 ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana walioitwa hivyo hawana kingamwili dhidi ya kongosho. Mwaka huohuo IDF ilikitambua kisukari cha utapiamlo kama aina ya tano. Insulini bado anaihitaji; jina litasubiri C-peptidi, kipimo cha insulini inayotengenezwa na mwili wenyewe.

Kwa ufuatiliaji wa mtu ambaye HbA1c yake haiaminiki, fruktosamini, kipimo cha protini za damu zilizoshikwa na sukari, huonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita, ila haifai kama albamini, protini kuu ya damu, iko chini, mathalani kwenye ini lililosinyaa au figo zinazovuja protini. Pasipo fruktosamini, mpe daftari: sukari mara saba kwa siku, kabla na saa mbili baada ya kila mlo na wakati wa kulala, kwa siku tatu kabla ya kila kliniki. Na juu ya jalada la faili, kwa wino mwekundu, andika sababu na njia mbadala: "AS, HbA1c husoma chini, tumia daftari." Anayekuja zamu baada yako asipoyaona maandishi hayo, ataiona 5.6% na kupunguza insulini.