Iigeni imani yao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii kuna kitenzi cha Kiingereza kilichonikaa moyoni, "emulate". Leo hutumika kwa sifa: kumheshimu mtu na kujitahidi umfikie, hata umpite. Asili yake ni Kilatini, aemulari, kushindana na mtu ili ulingane naye. Kilipoingia Kiingereza katika karne ya 16 kilibeba pia maana ya kuumia kwa sababu mwenzako anacho usichonacho. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inataja nomino yake katika Wagalatia 5:20, kati ya matendo ya mwili, karibu na hasira na fitina.

Katika Biblia ya Kilatini Paulo anatuamuru kwa kitenzi hicho tutake sana karama zilizo kuu (1 Wakorintho 12:31). Mistari minne mbele kinarudi kwa kukanushwa: upendo hauhusudu. Kigiriki nacho kina neno moja mahali pote pawili. Bidii ni ileile, wapendwa! Upendo ndio unaoamua itazaa nini.

Basi jipime hivi. Mtaje kwa jina katika maombi yule unayetamani kufanana naye, umwombee azidi. Ulimi ukiwa mzito, au habari ya kuanguka kwake ikikupa raha, huo ni wivu, na wivu dawa yake ni toba.

Kisha shika Waebrania 13:7. Tumeambiwa tuuchunguze sana mwisho wa mwenendo wa wale waliotuongoza na kutuambia neno la Mungu, ndipo tuige imani yao. Vijana wa huduma, hapa nawakemea kwa upendo. Mnaiga sauti ya kukwaruza, suti, namna ya kushika maiki, tena za mhubiri ambaye mwenendo wake bado hamjaujua. Vitu hivyo huigwa upesi kwa kuwa vinaonekana. Imani yake iko nyuma ya pazia: anavyosali asipotazamwa, anavyolipa madeni, anavyomjibu mkewe akiwa amechoka. Mtafuteni mzee wa kanisa aliyedumu. Muulizeni alishikilia ahadi gani alipofiwa, alipofunga alifungaje. Chukueni jambo moja, mlitendee kazi mpaka liwe tabia, ndipo mwongeze la pili.

Na Paulo mwenyewe aliweka mpaka: mnifuate kama ninavyomfuata Kristo. Pale mtu anapomwacha Kristo, hapo hapo nawe acha kumfuata, hata akiwa ndiye aliyekubatiza.